Ufadhili na mafunzo ya uongozi ya fraterniti za Marekani: kipi kina thamani, kipi ni chambo

Wiki ya kwanza katika chuo cha Marekani, mgeni hukuta meza zimepangwa uwanjani na vijana wamevaa fulana zenye herufi za Kigiriki. Hao ni fraterniti, vyama vya kindugu vya wanachuo wa kiume, na mezani huwa na ahadi mbili: pesa za masomo na mafunzo ya uongozi. Zote mbili ni za kweli, ila pesa ni kidogo kuliko zinavyopigiwa debe, na mafunzo ni mazuri kuliko watu wanavyodhani.

Kuna ufadhili mmoja usiohitaji hata kujiunga. Sigma Phi Epsilon, iliyoasisiwa Richmond, Virginia, mwaka 1901, inatoa Balanced Man Scholarship kwa wavulana wa mwaka wa kwanza kupitia matawi yake vyuoni, na anayeshinda halazimiki kuwa mwanachama. Unajaza fomu, unaeleza masomo yako, michezo na majukumu uliyowahi kushika, kisha waliochujwa wanaitwa kwenye mahojiano. Kiasi hupangwa na tawi lenyewe, kwa hiyo usichukulie kwamba alichopata rafiki yako wa chuo kingine ndicho utakachopata wewe. Ni chambo, bila kificho: tawi linabaki na majina na namba za simu za vijana wenye alama nzuri. Lakini ni chambo ambacho samaki anaruhusiwa kukila na kwenda zake. Wanaokikosa mara nyingi ni wale walioorodhesha alama tu. Jina lenyewe linadai mtu mwenye uwiano, akili na mwili, kwa hiyo mpira uliocheza au kwaya uliyoongoza ina uzito wake kwenye fomu hiyo.

Ufadhili wa ngazi ya taifa ni habari nyingine. Fraterniti kubwa kwa kawaida zina mikono miwili. Kuna chama chenyewe, ambacho kisheria ni klabu ya kijamii, na kuna wakfu wa elimu ambao wanaouchangia hupata nafuu ya kodi. Pesa za wakfu zinapaswa kwenda kwenye elimu, ndiyo maana hutaziona zikilipa bili ya sherehe. Mwombaji huombwa transkripti (nakala rasmi ya matokeo), insha, barua za mapendekezo na, jambo linalowaangusha wengi, uthibitisho kwamba ni mwanachama hai asiyedaiwa na tawi. Mwenye GPA (wastani wa alama, kilele huwa 4.0) ya 3.8 anaweza kutolewa kwa sababu ya deni dogo la muhula uliopita au mweka hazina aliyekwenda likizo bila kusaini. Uthibitisho huo uombwe mwezi mzima kabla ya siku ya mwisho.

Halafu piga hesabu. Tawi likitoza dola 600 kwa muhula, mwaka ni dola 1,200, bila ada ya kuapishwa. Ufadhili wa dola 1,000 wa mara moja haujafidia hata mwaka mmoja wa uanachama. Anayejiunga kwa ajili ya pesa peke yake anajipunja.

Na pesa ikishafika, haijawa yako yote. Ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo inaweza kupunguza msaada wake kwa kiasi kilekile ulichopata nje. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuviwekea mipaka vyuo vyake vya umma katika hilo, mwaka 2017. Kwingine inategemea sera ya chuo. Kabla hundi haijatumwa, andikia ofisi hiyo uombe mkopo ndio upunguzwe kwanza, na ruzuku ibaki.

Kwa wenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, kuna kodi pia. Ufadhili unaolipa ada ya masomo, vitabu na vifaa vya lazima hautozwi. Unaolipa chumba na chakula unatozwa, na kwa kawaida mlipaji hukata asilimia 14 kabla hujaiona pesa. Kwa hiyo kama ada yako tayari imelipwa na chuo, dola 3,000 za fraterniti zikaenda kwenye malazi, dola 420 zinabaki serikalini. Wanafunzi wa baadhi ya nchi hujikinga kwa mikataba ya kodi ya mapato. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa aina hiyo na Marekani. Tunza risiti za vitabu, na ujaze mwakani 1040-NR, fomu ya kodi ya wageni wasio wakazi.

Sasa mafunzo, ambayo ndiyo mali yenyewe. Tunayoiweka juu ni kozi ya LeaderShape. Ilianzishwa mwaka 1986 na fraterniti ya Alpha Tau Omega kwa ajili ya wanachama wake, ikaja kujitegemea na kufunguliwa kwa wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Kozi yake kuu ni ya siku kadhaa mfululizo, na kila mshiriki huandika maono yake pamoja na mpango wa kuyatekeleza. Hizo siku kadhaa ndizo tofauti: semina ya mchana mmoja humwacha mtu na daftari na kalamu tu. Chuo chako kikiwa na kozi hii, iombe kupitia ofisi ya wanafunzi, herufi za Kigiriki hazihusiki.

Beta Theta Pi ina Wooden Institute, mafunzo yenye jina la kocha wa mpira wa kikapu John Wooden, na Sigma Alpha Epsilon ina shule ya uongozi tangu 1935. Kabla ya kufurahia mwaliko, uliza swali moja: nauli nani analipa? Mara nyingi wakfu hugharamia masomo na malazi, tiketi ya ndege ikawa juu yako au juu ya tawi.

Fraterniti za Wamarekani weusi, kuanzia Alpha Phi Alpha ya Chuo Kikuu cha Cornell, 1906, zina nguvu mahali pengine: matawi ya waliokwisha kuhitimu. Uanachama ni wa maisha, na mwanasheria wa miaka hamsini huweza kupokea simu ya kijana asiyemjua. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria walikuwa wanachama wa mojawapo, Phi Beta Sigma. Matawi hayo hutoa pia fedha kwa wanafunzi wa sekondari wa mji wao, na familia za wahamiaji huzipita bila kujua.

Limebaki lile ambalo aliyewahi kuwa njuka au mono bwenini analijua: wapya kuteswa kwa jina la kukaribishwa. Sigma Alpha Epsilon ilifuta kipindi cha majaribio cha wanachama wapya mwaka 2014 kwa sababu hiyo. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kuchapisha ripoti za vyama vilivyokutwa na hatia ya mateso hayo. Itafute kwenye tovuti ya chuo kabla ya kusaini chochote. Tawi likifungiwa katikati ya mwaka, barua ya uthibitisho ya ufadhili wako haina tena wa kuisaini.