Mfuko wa kupikia bia ya nafaka, kwa jicho la fundi cherehani

Mfuko huu ulipofika mikononi mwangu niliugeuza ndani nje kabla ya jambo lolote, nikaufuata mshono wake wote kwa kidole. Kazi yangu ni cherehani. Sifa zilizoandikwa kwenye pakiti zinaweza kuwa nyingi, lakini mfuko wa kupikia bia ni kitambaa kilichoshonwa, na kitambaa kilichoshonwa nakijua. Baada ya kuutumia kwa muda wa kutosha naweza kusema hivi: kwa mtu anayetengeneza bia nyumbani kwa rojo ya kimea ya kopo na anatamani kuanza kutumia nafaka yenyewe, hakuna chombo kinachompa mengi zaidi kwa gharama ndogo namna hii. Ila mifuko si sawa yote.

Kwanza niseme kwa nini nafaka. Rojo ya kopo inatengeneza bia nzuri, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba ndani ya kopo maamuzi makubwa yamekwisha kufanywa: nafaka ipi, imelowekwa kwenye joto gani, sukari yake ichachuke kiasi gani. Wewe unabaki na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na hamira. Ukianza na kimea chenyewe, maamuzi hayo yote yanarudi kwako, na ladha ya bia inabadilika kadiri unavyoamua.

Njia ya zamani ya nafaka ilitaka vyombo vitatu: cha kuchemshia maji, pipa la kulowekea lenye kichujio chini, na sufuria ya kuchemshia maji ya kimea. Wengi waliishia kwenye kopo kwa sababu ya vyombo hivyo, na nafasi ya kuviweka. Watengenezaji bia wa nyumbani wa Australia ndio walioieneza njia ya mfuko katikati ya miaka ya 2000, na wazo lao ni jepesi mno: weka maji yote kwenye sufuria moja, tandaza mfuko ndani yake, mimina kimea kilichoparazwa, subiri, kisha nyanyua mfuko. Sufuria ile ile uliyolowekea ndiyo unayochemshia.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Huu wangu ni wa voili ya poliesta, jamii ya kitambaa kinachoshonewa mapazia mepesi, ila nyuzi zake ni ngumu zaidi na matundu yake yamelingana. Mifuko mizuri huwa na matundu ya takriban mikroni 200 hadi 250, yaani robo ya milimita au pungufu kidogo. Yakiwa makubwa sana unga mwingi unapita. Yakiwa madogo sana maji yanakataa kushuka na unabaki umening'iniza mzigo unaodondosha kwa uvivu. Poliesta haiogopi maji yanayochemka, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 za Selsiasi na zaidi. Inachoogopa ni chuma cha kitako cha sufuria pale moto unapowaka chini yake, au koili ya umeme iliyo wazi. Weka wavu wa chuma au sahani yenye matundu chini ya mfuko, na kama lazima uongeze joto wakati nafaka imo ndani, uinue mfuko kidogo usikae kwenye kitako.

Mshono ndio ulionifanya niandike. Mwenzangu mmoja aliniletea mfuko wake nimrekebishie, wa mtengenezaji mwingine. Kitako chake kilikuwa duara lililounganishwa kwa ovaloki tupu, bila mshono wa pili. Ovaloki kazi yake ni kuzuia kitambaa kisichanuke ukingoni. Uzito haiwezi kuubeba. Kilo nne na nusu za kimea kikavu, zikilowa na kunyanyuliwa zikiwa zimejaa maji, zinapita kilo 10, tena za moto. Duara lile lilikuwa limeachia karibu nusu ya mzunguko wake. Mfuko wangu umekatwa kwa akili zaidi: kipande kimoja kirefu kinashuka upande mmoja, kinapita chini, kinapanda upande wa pili, hivyo uzito unabebwa na kitambaa chenyewe, na mishono imebaki ubavuni. Mishono hiyo imekunjwa mara mbili na kupigwa mistari miwili, kama ile ya mguu wa jinzi. Faida yake nyingine ni kwamba hakuna ncha za kitambaa zilizo wazi ndani ambamo punje zitajificha na kuoza.

Uzi nao ni wa poliesta, na ndivyo inavyotakiwa. Uzi wa pamba ukikaa na unyevu unaoza, na mshono unakufa wakati kitambaa bado kizima. Ndiyo maana nilisikitika kukuta kamba ya mdomo wa mfuko ni ya pamba. Niliichomoa siku hiyo hiyo nikaweka utepe wa poliesta. Vishikio vinne vimeshonwa kwa kwenda na kurudi tu mahali pamoja. Vingeshonwa mraba wenye msalaba katikati, kama mikanda ya mabegi ya mgongoni, nisingekuwa na neno. Nimeviongezea mwenyewe. Asiye na cherehani ampelekee fundi yeyote, ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu kipimo, kosa la wauzaji wengi ni kuuza mfuko mmoja kwa sufuria zote. Mfuko unatakiwa uwe mkubwa kiasi cha sufuria nzima kuweza kuingia ndani yake, ili nafaka iogelee bila kubanwa na mdomo upinduliwe nje ya ukingo. Sufuria yangu ina kipenyo cha sentimita 36 na kimo cha 40, yaani lita 40 na kidogo. Mzunguko wake ni sentimita 113. Mfuko wenye mzunguko wa 120 na kimo kinachozidi cha sufuria kwa sentimita 20 unakaa vizuri bila kuvuta popote. Pima sufuria yako kwa utepe kabla ya kuagiza, usitegemee maneno ya "kubwa" na "wastani".

Kazini mfuko unafanyaje? Nitaeleza pishi ninalolirudia mara nyingi, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, ya kujaza pipa la lita 20. Naanza na lita 28 za maji na kilo 4.5 za kimea cha shayiri. Nataka kulowekea kwenye nyuzi 66, na kwa kuwa maji ni mengi kuliko nafaka, joto halishuki sana ukimimina: maji ya 69 yanatosha kama kimea kina joto la kawaida la chumbani. Namimina taratibu huku nakoroga, maana vibonge vikavu katikati ni sukari iliyopotea. Kisha nazima moto, nafunika, nazungushia sufuria blanketi, naiacha saa moja.

Hiyo 66 si namba ya kubahatisha. Ndani ya kimea mna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga. Kimoja kinapenda nyuzi 60 hadi 65 na kinakata kutoka ncha za mnyororo, kikitoa sukari ambayo hamira inaila yote. Kingine kinastahimili joto hadi 70 hivi, kinakata popote, na kinaacha vipande virefu ambavyo hamira haiviwezi. Shuka hadi 64 upate bia kavu, nyepesi mdomoni. Panda hadi 68 upate bia yenye mwili, inayojaza mdomo. Kimea ni kile kile, hamira ni ile ile, na bia ni mbili tofauti. Kopo halikupi uwezo huo.

Kujua kama wanga umekwisha, chukua tone la maji ya kimea kwa kijiko, lisiwe na kumvi ndani, liweke kwenye kisosi cheupe, kisha lidondoshee tone la iodini. Wanga ukiwepo, pale yanapokutana panageuka bluu iliyokaza karibu na nyeusi. Ukiwa umekwisha, iodini inabaki na rangi yake ya udongo wa njano. Tone la dakika ya kumi huwa jeusi kabisa. La dakika ya sitini linabaki lilivyo. Huwa nafanya hivi hata nikijua jibu, kwa sababu ni hapo unapoiona kwa macho kazi iliyokuwa inaendelea chini ya kifuniko. Kisosi kioshe vizuri, na tone hilo usilirudishe sufuriani.

Kunyanyua ndiko kugumu. Zima moto. Vaa glavu za mpira zinazostahimili joto na zinazopanda hadi karibu na kiwiko, maana maji ya nyuzi 66 yanayoshuka mkononi hayana huruma. Mimi nimefunga kapi kwenye boriti juu ya jiko. Navuta kamba, naifunga, mfuko unaning'inia na kuchuruza wenyewe. Mtu mwenye mgongo mbovu asijaribu kushika mfuko huu kwa mikono hadi uishe kuchuruza. Kapi na kamba si anasa, vihesabu kama sehemu ya mfuko.

Halafu unaukamua. Utasikia watu wakionya kwamba kukamua kunatoa tanini, ile ladha inayokausha ulimi kama chai iliyokolea. Tanini hutoka kwenye kumvi pale maji yanapokuwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho kikipanda uchachu unapungua) inayokaribia 6 na kupanda, hasa joto likivuka nyuzi 77 hivi, na hilo ni tatizo la kusuuza nafaka kwa maji mapya ya moto mara nyingi mno. Kwenye mfuko maji yote yamekaa na nafaka yote tangu mwanzo, na kama maji yako hayana chumvichumvi nyingi, pH hukaa kati ya 5.2 na 5.6. Kamua. Nimeonja bia zilizokamuliwa na zisizokamuliwa, na ulimi wangu haukupata ukavu wowote. Tofauti niliyoiona iko kwenye ujazo: ukikamua, kila kilo ya nafaka inaondoka na nusu lita na kidogo ya maji, usipokamua, inaondoka na karibu lita nzima.

Pishi hilo hunibakizia lita 25 hivi kabla ya kuchemsha, haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari (maji matupu ni 1.000), ikisoma 1.038 baada ya sampuli kupoa. Saa moja ya mchemko inaondoa lita tatu na nusu, na usomaji unafika karibu 1.045. Hamira ikimaliza kazi kwenye 1.010, ni kilevi cha asilimia 4.6 hivi. Sukari niliyoipata ni asilimia 70 na ushee ya yote ambayo nafaka ingeweza kutoa, na kwa chombo kisicho na bomba wala kichujio, nimeridhika. Siri iko kwenye kuparaza. Pipa la kulowekea linadai kumvi zibaki nzima ili ziwe kichujio. Mfuko haudai, kwa hiyo paraza laini zaidi, au mwombe anayekusagia apitishe mara mbili. Kwa sababu hiyo hiyo ngano, ambayo haina kumvi na huziba mapipa ya watu, ndani ya mfuko haileti taabu yoyote.

Maji ya kimea yatakuwa na ukungu kuliko ya pipa. Usihangaike. Mwani mkavu kidogo dakika 15 kabla ya kuzima moto, kisha subira ndani ya pipa la kuchachushia, na bia inatakata.

Kuusafisha si kazi kubwa ukiufanya mapema. Mwaga machicha, ugeuze ndani nje, ukung'ute, usuuze kwa maji ya uvuguvugu, uanike mahali penye upepo. Usitumie sabuni yenye marashi wala dawa ya kulainisha nguo. Mabaki yake yanaua povu la bia. Usiukunje ukiwa na unyevu, utaota ukungu kwenye pindo kwanza, kisha kwenye mishono.

Kuna bia ambazo mfuko huu hauziwezi kirahisi. Ukitaka bia nzito ya 1.080 kwa pipa la lita 20, nafaka inakaribia kilo tisa, sufuria ya lita 40 inafika ukingoni, na mzigo wa kunyanyua unakuwa hatari kwa mtu mmoja. Hapo ama tengeneza nusu, ama tafuta vyombo vingine. Na mwenye sufuria ya lita 20 tu asingoje kubwa: kilo mbili na robo za kimea na lita 15 za maji zinaingia bila kubanana, mfuko mdogo wa kipimo chake unanyanyuliwa kwa mkono mmoja, na yatakayopatikana ni lita tisa au kumi za bia ya nafaka tupu. Maji ni zaidi kidogo ya nusu ya pishi kubwa, kwa kuwa mvuke unaopotea haupungui kwa nusu.