Muvi za papa: kwa nini bado zinatutoa jasho Kigoma?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nipo nje, mnasikia mawimbi hayo nyuma yangu, hapa ni Kibirizi, Kigoma. Tunachambua muvi za papa. Najua, najua: Ziwa Tanganyika ni maji baridi, papa huku hayupo. Lakini kibanda umiza kikiweka muvi ya papa, mabenchi yanajaa hadi watu wanasimama mlangoni. Juzi dogo mmoja kanivuta shati katikati ya muvi: "Kaka, huyu anaweza kufika Katonga?" Nikamwambia hawezi. Kesho yake nasikia kagoma kwenda ziwani, kaoga kwa ndoo.

Tuanze na mama yao wote, Jaws ya mwaka 1975, ya Steven Spielberg. Papa wa ile muvi alikuwa mashine, jina la utani Bruce. Kumshusha baharini tu, maji chumvi yakamharibu, ikawa kila siku fundi. Sasa Spielberg afanyeje? Akatuonyesha maji matupu, juu yake akaweka muziki wa John Williams, noti mbili tu: dun-dun, dun-dun. Papa mwenyewe unakuja kumwona sawasawa saa nzima na ushee imeshapita! Mimi huwa nasema wangekuja kushuti huku kwetu kwenye maji baridi, Bruce angefanya kazi vizuri na muvi ingekuwa mbovu.

Halafu kuna yale mapipa ya njano. Wanamchoma papa chusa lililofungwa kamba na pipa, ili asizame. Basi wewe unachoona ni pipa linakimbia juu ya maji, mara linazama. Mvuvi wa dagaa pale hahitaji mtafsiri. Uko ziwani usiku, taa inamulika hatua chache tu, chini yako giza, na ziwa hili pale lenye kina kirefu zaidi linafika mita 1,470. Boya likizama ghafla, unauliza nini?

Ndiyo maana The Meg ya 2018 kwangu imepwaya. Papa kama basi, lakini unamwona kila saa, mpaka unamzoea kama ng'ombe wa jirani. Sharknado, kimbunga kinarusha papa mjini, hiyo ni ya kuchekea na washkaji, basi. Ninayowashauri ni The Shallows ya 2016: dada kakwama juu ya mwamba, ufukwe anauona kwa macho yake, kuufikia hawezi. Kijasho!

Kasoro ipo. Zinawasingizia papa. Dunia nzima, watu wanaouawa na papa bila kuwachokoza mara nyingi hawafiki 10 kwa mwaka. Hata Peter Benchley, aliyeandika kitabu cha Jaws, baadaye akageuka kuwa mtetezi wao. Sisi wa kumwogopa ni mamba, lakini muvi ya mamba hapa watu wanapiga soga tu. Mamba tunajua anapootea jua.

Jaws naipa tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa sababu Bruce akipanda juu ya boti mwishoni, mpira unaonekana kabisa, jamani.

Wiki hii mbalamwezi ni kali, wavuvi hawaingii ziwani, kwa hiyo kibandani patakuwa hapatoshi. Wahini benchi la mbele. Na wewe dogo wa Katonga, nimekuwekea nafasi.