Dawa na Rangi za Kuziba Sakafu ya Zege katika Majengo ya Biashara: Ipi Ununue Kwanza

Mwenye ghala, duka, gereji au jiko la hoteli akiona sakafu yake ya zege inatoa vumbi, inanyonya mafuta au inaota chumvi nyeupe, kwa kawaida huenda duka la rangi na kuuliza bei ya ndoo. Swali hilo humgharimu kuliko ndoo yenyewe, kwa sababu bidhaa za kuziba zege hazishindani kwa bei peke yake: nyingine huingia ndani ya zege na kulikaza, nyingine hukaa juu yake kama ngozi, na ile inayofaa ghala la saruji kavu huweza kuharibika upesi katika jiko linalomwagwa maji ya moto kila jioni. Mpangilio unaofuata umefanywa kwa kuzingatia majengo ya ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Mtwara, ambako hewa ni nzito kwa unyevu na chumvi, na maji ya ardhini mara nyingi hayako mbali na msingi. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza si ugumu wala mng'ao, bali uwezo wa bidhaa kuvumilia unyevu unaopanda kutoka chini.

Unyevu kwanza, bidhaa baadaye

Maghala mengi yamemwagwa zege moja kwa moja juu ya kifusi bila nailoni ya kuzuia unyevu, au nailoni iliwekwa kisha ikatobolewa na nondo na viatu vya mafundi siku ileile ya kumwaga. Katika sakafu ya namna hiyo mvuke hupanda mwaka mzima, na hupanda zaidi wakati wa masika. Dawa inayoingia ndani ya zege huuacha mvuke upite na kutoweka hewani. Rangi inayotengeneza utando huuzuia, na maji yakishakusanyika chini ya utando huo pamoja na alkali ya saruji, hutokea malengelenge, kisha rangi hubanduka vipande vipande. Hapo mnunuzi hulaumu chapa ya rangi, ilhali chapa ghali kabisa ingebanduka vilevile.

Kipimo cha awali hakihitaji mtaalamu. Kata nailoni nzito ya mraba wenye upande wa sentimita 45 hivi, iweke juu ya sakafu iliyofagiliwa vizuri, ibane kwa utepe wa gundi pande zote nne, na uiache kwa muda usiopungua saa 16. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege limegeuka kuwa jeusi kuliko lilivyo pembeni, unyevu upo. Rudia sehemu kadhaa, hasa karibu na kuta na mahali ambapo maji ya mvua hutuama nje, na usiridhike na matokeo mazuri yaliyopatikana katikati ya kiangazi. Kwa kazi kubwa itakayogharimu fedha nyingi, mtake mkandarasi apime kwa kifaa kinachoingizwa katika tundu lililotobolewa hadi asilimia 40 ya unene wa zege linalokauka upande mmoja tu, kwa maana uso wa sakafu unaweza kuwa mkavu huku ndani kukiwa bado na maji.

Zege jipya lina mtego wake. Siku 28 zinazotajwa na kila fundi ni muda unaotumika kupimia nguvu ya zege, wala si ahadi kwamba limekauka. Slabu nene iliyomwagwa Machi inaweza kufika Juni ikiwa bado haifai kupakwa utando wowote.

Jambo la pili ni uso wenyewe. Juu ya zege lililopigwa mwiko kwa maji mengi huelea utando dhaifu wa saruji, na chochote utakachopaka juu yake kitashikamana na utando huo badala ya kushikamana na zege. Mwage maji kidogo: yakinyonywa na sakafu ikawa nyeusi, matundu yako wazi, yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, kuna nta, mafuta au dawa ya zamani ambayo lazima iondolewe. Njia ninayoipendelea ni kusaga kwa mashine yenye visahani vya almasi iliyounganishwa na mashine ya kuvuta vumbi. Kuosha kwa asidi ni rahisi zaidi, lakini asidi haiondoi mafuta, huiloweka sakafu unayotaka ikauke, na isiposuuzwa barabara huacha chumvi zinazoharibu mshiko. Katika makadirio ya bei, dai kazi ya kuandaa uso iandikwe katika mstari wake peke yake, pamoja na jina la mashine itakayotumika. Makadirio yanayosema tu "kupaka sakafu, vifaa na ufundi" huacha nafasi ya kufagia kwa ufagio na kuita kazi hiyo maandalizi.

Nafasi ya kwanza: dawa ya silikati ya kukaza zege

Kwa maghala, maduka ya jumla, karakana kavu na korido za majengo ya ofisi, ningenunua silikati kabla ya kitu kingine chochote. Ni kimiminika chepesi kama maji ambacho huingia katika vitundu vya zege na kukutana na chokaa huru iliyobaki baada ya saruji kukomaa, kisha hujenga humo aina ileile ya kiungo kinacholipa zege nguvu yake. Uso huwa mgumu zaidi na vumbi hupungua sana. Na kwa kuwa hakuna utando uliobaki juu, hakuna cha kubanduka. Foklifti inaweza kurudi kazini mapema kuliko kwa bidhaa nyingine nyingi.

Zipo za sodiamu, potasiamu na lithiamu. Ya sodiamu ndiyo ya bei nafuu, lakini mabaki yake yakiachwa yakakauka juu hugeuka ukoko mweupe ambao ni taabu kuuondoa, kwa hiyo fundi lazima aisugue ikiwa mbichi na kuisuuza. Ya lithiamu ni ghali zaidi na huacha mabaki machache. Ninaona inastahili tofauti hiyo katika duka ambalo wateja wataiona sakafu. Mng'ao unaoonyeshwa katika picha za matangazo hautoki kwenye chupa: hutoka katika kusaga na kung'arisha hatua kwa hatua kwa visahani laini zaidi na zaidi, na kazi hiyo hulipiwa.

Mipaka yake iko wazi. Silikati haizuii asidi, hivyo maji ya betri, siki na juisi ya ndimu vitaila sakafu kama kawaida, na mafuta ya injini yakiachwa kwa siku nyingi yataacha doa. Vilevile haifufui zege lililokosa saruji. Kwaruza sakafu kwa msumari. Ikiwa unachimba unga na kuzidi kwenda chini bila kukutana na ugumu, tatizo ni la kumwaga upya safu ya juu, na fedha ya dawa iende huko.

Nafasi ya pili: epoksi

Epoksi, rangi nzito inayokaa juu ya zege kama utando, ndiyo jina ambalo kila mwuzaji hulitaja kwanza, na kwa gereji, maabara, stoo za dawa na vyumba vya maonyesho ina haki ya kutajwa. Inastahimili mafuta na kemikali nyingi, huoshwa kwa urahisi, na hutoa rangi moja isiyo na mshono. Nimeiweka ya pili kwa sababu haisamehe unyevu wala uzembe.

Huuzwa kwa sehemu mbili ambazo lazima zichanganywe kwa kipimo cha mtengenezaji, tena ikiwezekana kopo zima kwa kopo zima. Mara zinapokutana, saa huanza kuhesabu, na joto letu huufupisha muda huo. Mchanganyiko ulioachwa ndani ya ndoo huchemka wenyewe na unaweza kutoa moshi, ndiyo maana humwagwa sakafuni mara moja na kusambazwa. Zege linapopata joto asubuhi hutoa hewa inayotoboa utando kwa vishimo vidogo, kwa hiyo ndani ya jengo ni heri kuanza alasiri joto linaposhuka, lakini kazi iishe kabla ya umande wa jioni. Kanuni ya kawaida ni kwamba uso wa sakafu uwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewa huanza kugeuka matone, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, sharti ambalo Mombasa ya mwezi wa Mei hulivunja bila kuomba ruhusa. Ukiona utando wa mafuta mafuta au weupe juu ya koti la kwanza, lazima uoshwe kabla ya koti la pili.

Unene ndio unaotenganisha epoksi ya bei rahisi na ya bei ghali. Makoti mawili ya rola hutoa sehemu ya milimita tu na yanatosha stoo ya watembea kwa miguu. Kwa gereji au njia ya foklifti nunua ile inayojisawazisha yenye milimita 2 hadi 3. Mahali panapolowa, agiza mchanga wa kwazi unyunyizwe katika koti la kati, kwani epoksi laini yenye maji juu yake inateleza vibaya. Jua huigeuza kuwa ya njano na kuifanya itoe unga, hivyo usiiweke uwanjani, na katika duka lenye kioo cha mbele uliza koti la mwisho la poliurethani isiyobadilika rangi kwa jua.

Nafasi ya tatu, ila ya kwanza jikoni: saruji ya poliurethani

Hii ni safu nzito, kwa kawaida milimita 6 hadi 9 pale penye maji ya moto, inayochanganya poliurethani, saruji na mchanga. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa bei yake na uhaba wa mafundi wanaoijua, lakini kwa jiko kubwa, kiwanda cha samaki, maziwa au bucha sioni sababu ya kubishana kuhusu nyingine. Hutanuka na kusinyaa kwa namna inayokaribia zege, kwa hiyo haipasuki mvuke wa moto unapofuatwa na maji ya baridi. Huvumilia asidi ya maziwa na ya matunda. Na huweza kuwekwa juu ya zege lenye unyevu ambao ungeiangusha epoksi. Hakikisha mkataba unataja mifereji midogo ya kuishikiza kingoni na kuzunguka vishimo vya maji, na mteremko urekebishwe kabla haijawekwa.

Kwa nje: silani na siloksani

Maegesho, ngazi za nje na nguzo zinazopigwa na upepo wa bahari zinahitaji kitu kingine kabisa. Silani, ambayo chembe zake ni ndogo, huingia ndani zaidi kuliko siloksani, na zote mbili hulifanya zege liyakatae maji bila kubadilisha sura yake wala kuzuia mvuke kutoka. Faida kubwa kwa pwani ni kwamba maji ya chumvi hayafikii nondo kwa urahisi, na kutu ya nondo ndiyo inayopasua zege kutoka ndani. Ipakwe juu ya uso mkavu, na vioo na alumini vifunikwe. Usiuziwe dawa hii kwa ajili ya paa la slabu linalotuamisha maji, au kwa tangi: haikuundwa kushindana na maji yanayosukuma.

Akriliki, na rangi ya mafuta

Akriliki ni nafuu, hupakwa na fundi yeyote na hustahimili jua, lakini huchakaa upesi chini ya magurudumu na hugeuka weupe ikikamata unyevu. Inamfaa mpangaji mwenye mkataba mfupi. Rangi ya mafuta ya kawaida juu ya zege ninaiweka mwisho bila kusita, kwa kuwa alkali ya saruji huigeuza kuwa kama sabuni na kuing'oa.

Kulinganisha bei bila kudanganywa

Linganisha kwa mita ya mraba ya utando uliokauka. Karatasi ya kiufundi itakuonyesha asilimia ya yabisi kwa ujazo, yaani sehemu inayobaki rangi ikikauka. Ndoo ya lita 20 yenye asilimia 50 ya yabisi hubakiza lita 10 sakafuni. Ukitaka unene wa maikroni 200 (milimita 0.2), itafunika mita 50 za mraba na si zaidi, hata kabla ya kuhesabu kinachobaki kwenye rola. Ndoo ya ujazo uleule yenye asilimia 100 itafunika 100. Hivyo ndoo inayouzwa kwa nusu ya bei inaweza kuwa haijakuokolea hata shilingi moja.

Kabla ya kutia saini, taka kipande cha majaribio cha mita moja au mbili za mraba katika kona mbaya kuliko zote za jengo, na ukiache kwa wiki kadhaa ikiwezekana. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na kwamba makopo yote ya rangi moja yana namba moja ya toleo. Maungio ya kutanukia, yaani mianya iliyoachwa ili zege litanuke, yasipakwe juu kwa juu, bali yajazwe kwa kijazio chake. Mafundi wa epoksi na poliurethani wawe na glavu, miwani na barakoa za kuzuia mvuke wa kemikali, na vyakula vyote viondolewe katika jengo.

Panga pia siku za kufunga biashara. Epoksi nyingi hukanyagika baada ya siku moja, lakini hukomaa dhidi ya kemikali baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo paleti na foklifti visubiri hadi muda ulioandikwa na mtengenezaji utimie, hata kama sakafu inaonekana imekauka na mzigo umeshafika mlangoni.