Posho ya watoto kwa Wainuiti: hundi au bidhaa?
Kanada ilianza kulipa posho ya watoto Julai 1945: dola 5 hadi 8 kwa mwezi kwa kila mtoto, kulingana na umri. Mama wa kusini mwa nchi alipokea hundi, akaamua mwenyewe anunue nini. Familia ya Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, iliandikiwa kiasi hicho kwenye daftari la duka la wafanyabiashara wa manyoya, mara nyingi la kampuni ya Hudson's Bay Company, ikachukua vitu vilivyoidhinishwa tu, kama maziwa ya unga na uji wa watoto wachanga.

Maofisa walihofia kwamba fedha zingewafanya watu waache uwindaji. Kwangu huo ni udhalilishaji: haki ileile, masharti tofauti. Ila hundi pekee isingetosha. Pasipo benki, ingerudi kwa mwenye duka yuleyule.