Taarifa Rasmi za Bunge mikononi mwa mtafiti wa kamati: tathmini ya mtumiaji wa Dodoma

Kazi ya kuzisaidia kamati za Bunge kwa utafiti na uratibu ina zana nyingi, lakini ipo moja ambayo ikikosekana kazi yenyewe inasimama. Hiyo ni Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ambayo wengi wetu tunaiita Hansard, na ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure katika tovuti ya Bunge. Wengi hapa Dodoma huichukulia kuwa kumbukumbu ya kuhifadhiwa kabatini. Mimi naitathmini kama huduma inayotumika kila siku, na kipimo changu ni kimoja: je, inamwezesha mtu anayeandaa makabrasha ya kamati kujua Serikali iliahidi nini, lini, na kwa masharti gani? Jibu langu ni kwamba inamwezesha kwa kiwango kikubwa, ingawa inadai muda mwingi kuliko wanavyotarajia wanaoingia katika kazi hii kwa mara ya kwanza.

Kila kikao kina nakala yake. Ukurasa wa kwanza unataja mkutano, kikao, tarehe na saa ambayo shughuli zilianza. Kisha inafuata Dua, hati zilizowasilishwa Mezani, maswali na majibu yenye namba na vichwa vyake, na baada ya hapo shughuli kubwa ya siku. Msomaji mgeni huchoshwa haraka na "Mheshimiwa Spika" inayofungua karibu kila aya, pamoja na neno "Makofi" lililowekwa kwenye mabano. Ukizoea, unagundua kwamba vyote viwili vina faida, kwa kuwa kauli ya heshima inaonyesha mahali msemaji alipohamia hoja nyingine, nayo makofi yanaonyesha kauli iliyopokelewa vizuri ukumbini, jambo ambalo kamati inapopanga kumwita Waziri kwa mahojiano si dogo hata kidogo.

Sehemu ya maswali na majibu ndiyo ninayowashauri vijana waanze nayo. Mbunge anauliza ni lini Serikali itajenga barabara fulani kwa kiwango cha lami, na jibu linakuja na maneno ambayo sisi tunayasoma kama daktari anavyosoma vipimo vya maabara. Barabara iliyo kwenye upembuzi yakinifu na usanifu wa kina haina hali sawa na barabara ambayo taratibu za kumpata mkandarasi zimeanza, wala mradi utakaotekelezwa "kwa kadri ya upatikanaji wa fedha" si sawa na mradi uliotengewa fedha katika mwaka husika. Magazeti huandika tu kwamba Serikali imeahidi kujenga. Hansard inakupa ahadi pamoja na sharti lake, na mtafiti anayeliacha sharti hilo nje ya muhtasari wake anaipotosha kamati, hata kama kila neno aliloandika ni la kweli.

Utajiri mkubwa zaidi umo katika vikao vya bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Waziri anawasilisha hotuba yake, na Mwenyekiti wa kamati ya kisekta anasoma taarifa ya kamati kuhusu utekelezaji wa bajeti inayoishia pamoja na maoni yake kuhusu makadirio ya mwaka unaofuata. Kwa kuwa muda wa kusoma ni mfupi, Mwenyekiti huomba taarifa yote iingie katika Taarifa Rasmi, nayo huchapishwa kama ilivyowasilishwa Mezani, hivyo msomaji anapata hata majedwali ambayo waliosikiliza redioni hawakuyapata. Wabunge wanachangia, Waziri anahitimisha hoja, na hatimaye Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia makadirio fungu kwa fungu. Hapo naomba msomaji apunguze mwendo. Mbunge anayekusudia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia kifungu cha mshahara huo kupita hadi aridhishwe, humlazimisha Waziri kusimama na kutoa ufafanuzi ambao hakuutoa katika hotuba yake iliyoandaliwa kwa wiki kadhaa, na mara nyingi shilingi inarudi baada ya ahadi mahususi kutolewa. Kurasa hizo chache za mwisho, ambazo wengi hawafiki kwa sababu kikao kirefu cha bajeti kinaweza kuzidi kurasa mia mbili, ndizo zinazojaza jedwali ambalo kamati italihitaji mwaka unaofuata: ushauri uliotolewa, jibu la Serikali, na hali ya utekelezaji.

Hansard pia ni darasa la uandishi wa taarifa za kamati. Anayetaka kuona jinsi ushahidi unavyopangwa hadi kufikia pendekezo asome vikao vya Februari 2008, wakati taarifa ya Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond ilipofuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Asome pia vikao vya mwisho wa Novemba 2014, ambapo Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, iliwasilisha taarifa yake kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, iliyowekewa fedha za mgogoro wa umeme kati ya TANESCO na IPTL. Habari zilizosambaa wakati ule zilihusu nani atang'oka. Katika kumbukumbu kamili unaona jambo lenye manufaa zaidi kwa mtumishi wa kamati, yaani jinsi hoja za kamati zilivyojibiwa, zilivyotetewa, na maneno gani hatimaye yaliingia katika maazimio ya Bunge.

Kuna faida nyingine ambayo sioni ikitajwa mara nyingi. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, miswada yetu mingi iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mjadala uliendeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, kwa sheria nyingi za zamani, hotuba ya Waziri katika Kusomwa kwa Mara ya Pili ndiyo mahali ambapo mwananchi anaweza kusoma kwa lugha yake sababu ya kifungu kuwekwa, na maoni ya kamati yanamweleza wadau walipinga nini. Nimeona wadau wakifika mbele ya kamati wakiwa wamejiandaa vizuri zaidi kwa sababu tu walipitia kurasa hizo.

Mipaka yake ni ya kweli, na ni haki kuieleza. Hansard hupangwa kwa tarehe, haipangwi kwa mada, kwa hiyo anayefuatilia suala la skimu moja ya umwagiliaji kwa miaka mitano hana budi kufungua nakala moja baada ya nyingine na kutafuta neno kwa neno. Haimwelezi mtu kilichozungumzwa katika chumba cha kamati, isipokuwa kile ambacho kamati yenyewe imeamua kukiandika katika taarifa yake. Takwimu zilizotamkwa ukumbini nazo hazitoshi peke yake. Zilinganishwe na randama ya wizara (maelezo ya kina ya bajeti yake), vitabu vya makadirio na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Niliwahi kushuhudia taasisi moja ikidai mbele ya wajumbe kwamba Serikali imeukataa mradi wake, kwa kutegemea jibu la swali la miaka miwili nyuma. Jibu lilikuwepo kweli, lakini jibu la baadaye, lililotolewa katika swali la nyongeza la Mbunge wa jimbo jingine, lilikuwa limebadilisha msimamo huo, na muda wa kikao ukaisha katika kusahihisha badala ya kujadili.

Ndiyo maana ningependa sana kila Mkutano wa Bunge ufungwe kwa fahirisi ya mada, inayotaja kikao na ukurasa. Kazi hiyo inahitaji watu makini kuliko mitambo ya gharama, na mkoa wenye Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine kadhaa haukosi vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaoweza kuifanya chini ya usimamizi mzuri.

Kwa sasa, anayeanza kazi hii achague wizara moja tu na asome mjadala wake wa bajeti wa miaka mitatu mfululizo, kuanzia taarifa ya kamati hadi Kamati ya Matumizi. Kila nakala aihifadhi kwa jina lenye mwaka, mkutano na kikao, na kila ahadi anayoinukuu aiandikie tarehe, jina la aliyeitoa na ukurasa. Afanye hivyo kabla ya wiki za vikao vya kamati zinazotangulia Mkutano wa Bunge, kwa sababu zikishaanza, simu za mialiko, ratiba na kudurufu makabrasha hazimwachii mtu nafasi ya kusoma kwa utulivu.