TAHADHARI: Kiungo cha "punguza picha bure" kimetuponza, Wete

Assalamu alaykum jamaa zangu. Nawaandikia wenzangu wa Wete, Chake na Mkoani huku Pemba, na wa Unguja pia, hasa wenye vijana wanaoomba kazi na mikopo ya masomo.

Binti wa dada yangu alikuwa anajaza maombi ya kazi. Fomu ilikataa picha inayozidi kilobaiti 200, na aliyopiga kwa simu ilikuwa megabaiti 4. Kwenye grupu lao la WhatsApp kuna mtu hubandika kiungo kila siku: "Punguza picha bure, dakika moja." Akaingia. Akapakia picha yake, kitambulisho cha Mzanzibari mbele na nyuma, na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wetu.

Picha zilipunguzwa, lakini kuzishusha akatakiwa alfu tatu kwa simu. Akatuma. Wakataka alfu tano nyengine "za uhakiki". Akatuma tena, maana siku ya mwisho ya maombi ilikuwa ile ile. Zikaja picha zenye ukungu, namba ya kitambulisho haisomeki. Alipolalamika akajibiwa: "Nakala zako tunazo. Ukitaka tuzifute, leta alfu ishirini."

Hapo ndipo aliponiambia, nami nikamkataza kutuma hata senti. Nakala iliyokwishafika kwa mtu huna njia ya kujua kama ameifuta, na ukilipa leo kesho atakutaka tena.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa Mkoani aliuliza uliza mpaka akafika kwa sheha wetu. Analia, anataka friji yake. Alimtumia pesa muuzaji wa mtandaoni, na muuzaji yule, ili aaminike, alimuonesha kitambulisho. Cha binti yetu! Mtoto wa watu akaitwa mwizi mbele ya jirani zake.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa kazi ile haikuhitaji picha itoke kwenye simu yake hata kidogo. Ziko kurasa ambazo kivinjari chenyewe, yaani programu ya kufungulia mtandao, huifungua picha, kuipunguza na kuihifadhi humo humo kwenye simu, bila kuipeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, ya mtu. Mimi natumia Squoosh, iliyotolewa na watu wa Chrome wa Google mwaka 2018. Ni bure na haidai namba ya simu. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikitakiwa kuchapishwa vizuri, andika pikseli 413 kwa 531, kisha teremsha ubora mpaka ufikie ukubwa wanaoutaka.

Ukurasa usioujua ujaribu hivi: ufungue, usubiri ufunguke wote, kisha weka simu kwenye hali ya ndege, ndipo uchague picha. Jaribu kwanza kwa picha ya mnazi au ya kikombe, si kitambulisho. Ukigoma, huenda kazi inafanyika kwenye kompyuta ya mtu mwengine, usiuamini. Ukifanya kazi, hifadhi picha yako na ufunge ukurasa kabla ya kurudisha data. Na zimeni kipengele cha mahali (location) kwenye kamera, kwani picha ya simu huweza kubeba ndani yake vipimo vya pale ilipopigwa, yaani mlangoni kwako.

Sisi tumeripoti polisi tukiwa na picha za mazungumzo na namba zilizopokea pesa. Ujumbe wa kitapeli tumeupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli, na kwa *106# tumehakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Kiungo chenyewe hubadilika jina kila baada ya siku chache, kwa hiyo msitegemee jina. Kitambueni kwa tabia: kinataka kitambulisho pande zote mbili, na pesa hudaiwa baada ya kupakia. Aliyekwisha kupakia aniandikie pembeni twende kituoni pamoja. Mama wa Mkoani amekubali kutoa maelezo yake.