Kinga ya mpira ya alteneta: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya mvua Karamoja

Naendesha Hilux ya dizeli, injini ya toleo la 3L, kati ya Moroto, Kotido na Kaabong, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Nabeba dawa za mifugo, vipuri vya pampu za maji na mizigo mingine ya wenye maduka. Kiangazi ni vumbi tu. Mvua zikishika, kuanzia mwezi wa nne hivi, ule udongo mweusi unakuwa gundi. Mto wa mchanga uliouvuka asubuhi ukiwa mkavu waweza kuukuta jioni umefurika kwa mvua iliyonyesha mlimani, na pale ulipo wewe halijadondoka hata tone.

Alteneta ya gari hili, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kuchaji betri, imekaa chini, kwa hiyo tope la tairi la mbele na maji ya kivukoni yote yanaishia kwake. Tena kwenye injini hii pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alteneta, inazungushwa na shafti ileile. Mkanda ukilowa tope na kuteleza, chaji inapungua na breki nazo zinakuwa nzito. Nimeshuka mteremko mmoja nikiwa katika hali hiyo, mzigo umejaa, na sitaki kurudia.

Alteneta ya kwanza ilinifia usiku, nimeshaiacha Kotido nyuma. Taa ya betri kwenye dashibodi ilianza kuwaka hafifu, ukiangalia haraka huioni. Baada ya muda taa kubwa zikawa za manjano, nikazima kila kitu nisichohitaji na kujikongoja hadi Moroto. Kesho yake fundi waya aliifungua mbele yangu. Kati ya nyaya za shaba kulikuwa na tope lililokauka kama tofali, akawa analichokoa kwa bisibisi. Kaboni moja, kile kijiti kinachopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, ilikuwa imelika hadi imebaki kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Mimi nilikuwa nalaumu maji. Akaniambia, "Mzee, maji yanaingia, yanatoka. Hili likiingia halitoki." Tope linasaga kaboni na zile pete zinazogusana nazo, linapenya kwenye beringi, halafu likikauka linaziba matundu ya hewa. Joto linabaki ndani na dayodi, zile zinazougeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri, zinaungua. Maji nayo yana ubaya wake: alteneta ikiwa ya moto ukaitumbukiza ghafla kwenye maji baridi, inapopoa inavuta maji hadi ndani ya beringi.

Nilipofunga nyingine nikataka kuikinga. Duka moja la vifaa vya magari Kampala likaniuzia boksi la plastiki linaloifunika pande zote, muuzaji akiniapia kwamba linakaa kwenye gari lolote. Tope halikuingia, ni kweli, lakini hata hewa haikuingia. Haikupita wiki ya tatu, dayodi zikaungua. Hela ya boksi ikapotea, ya alteneta nayo ikapotea. Alteneta inajipoza kwa feni yake yenyewe, na mtu anayeuza kifaa cha kuifunika alipaswa kulijua hilo kabla ya kupokea pesa yangu.

Kinga ninayoisifu leo nilitengenezewa na fundi wa Soroti kwa shilingi 85,000 za Uganda, mpira na kazi pamoja. Alichukua mpira mzito wa madigadi ya lori, akaukata na kuukunja ukawa kama kiganja kilichokingwa chini: unaziba upande wa chini na upande wa tairi, juu na nyuma pako wazi. Kingo akazibana kwa vibapa vya alumini, akatumia matundu ya boliti yaliyokuwapo tayari bila kutoboa chasi. Mpira aliuacha mbali na mkanda na puli kwa upana wa vidole viwili. Tena aliikata kinga pengo mahali inapopita mipira ya oili inayolisha ile pampu ya vakyumu, kwa sababu kinga ikiisugua hadi ikatoboka, oili ya injini inamwagika nawe uko porini. Kwa pengo hilo peke yake nilijua huyu mtu anaifahamu injini hii.

Sasa ni misimu miwili. Mwisho wa msimu wa kwanza niliifungua alteneta kusudi: kaboni ndefu, ndani kuna vumbi na utando mwembamba wa tope, basi. Injini ikinguruma taratibu, mita inasoma volti 14.1 kwenye betri. Nikiwasha taa zote na feni ya ndani inashuka hadi 13.6, hainipi wasiwasi.

Kasoro zipo. Kukaza mkanda sasa ni lazima nifungue boliti nne kwanza, na juani kazi hiyo inachosha. Mpira ukipata joto unalegea. Mwezi wa pili wa kuitumia, kona yake ilishuka ikagusa puli, nikasikia mlio wa kukwaruza, nikaikata kwa kisu palepale barabarani. Na usitegemee kinga hii kwenye maji yanayofika boneti. Kivuko kirefu nafunga turubai mbele ya grili, naingia taratibu na sibadilishi mwendo hadi ng'ambo.

Halafu kuna kuosha, na hapa ndipo naona madereva wenzangu wanapozembea. Silazi gari na tope. Nikifika naacha injini ipoe, namwagia alteneta maji safi kwa mpira wa bustani, maji yasiyo na nguvu, mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Kisha nawasha injini kwa robo saa ijikaushe. Mashine ya presha siisogezi karibu kabisa, inasukuma tope hadi kwenye beringi. Grisi na oili navyo sipaki mule ndani, vinanasa vumbi na kuharibu kaboni.

Tundu la boliti la mbele limeanza kuchanika kwa mtikisiko. Mwezi ujao nikiteremka Soroti nitamwomba fundi aweke washa pana (pete bapa ya boliti) pale, na anikatie mpira wa pili wa akiba.